Kutengeneza au Kubadilisha? Kabureta ya Gari la Zamani kama Somo la Kupima na Kuamua

Utangulizi

Kazi mojawapo kubwa ya mwalimu wa shule ya msingi ni kumzoeza mtoto kukata shauri kwa sababu, wala si kwa kubahatisha. Hata hivyo, tukiyachunguza maandalio ya masomo ya wanachuo wengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, twaona kwamba maswali yaliyomo yana jibu moja tu, na jibu hilo mwalimu analo tayari. Mtoto huulizwa: "Kabureta hufanya kazi gani?" Akijibu ipasavyo hupigiwa makofi, akikosea huketi. Ni nadra kumsikia mwalimu akiuliza: "Kabureta hii ina kasoro. Ungekuwa wewe mwenye gari, ungeitengeneza au ungenunua nyingine? Eleza kwa nini."

Swali la kwanza hupima kumbukumbu. Swali la pili hupima kumbukumbu, uchunguzi, hesabu na busara kwa pamoja. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kuandaa somo la aina hii ya pili kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Kwanza tutaeleza yale ambayo mwalimu mwenyewe hana budi kuyajua. Pili tutaonyesha maswali manne ya kufuata katika kuamua. Tatu tutatoa mpango wa somo, pamoja na makosa ya kuepukwa.

Kwa nini tumechagua kabureta?

Huenda mwanachuo akauliza: magari mapya hayatumii tena kabureta, bali hupuliza petroli kwa mfumo unaoongozwa na umeme, ya nini basi kufundisha kitu cha kale? Majibu ni matatu.

Kwanza, kabureta ingalipo katika mazingira ya mtoto. Magari ya zamani yangali yanatembea, na pikipiki nyingi, jenereta ndogo na pampu za kumwagilia bustani zinaitumia. Pili, kabureta ni kitu kinachofunguka. Mtoto huweza kuona kila kiungo kwa macho yake na kukigusa kwa mkono wake. Tatu, na hili ndilo kubwa, kabureta ya gari la zamani huleta tatizo la kweli ambalo watu wazima nao hubishana juu yake. Mtoto anayeshiriki mabishano hayo kwa hoja anajifunza jambo litakalomfaa katika paa la nyumba, cherehani, baiskeli na jembe.

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisisitiza kwamba shule isitengane na kazi za jamii inayoizunguka. Somo hili ni njia mojawapo ya kuuleta uwanja wa fundi ndani ya darasa.

Mwalimu ajue nini?

Injini ya petroli haichomi petroli peke yake. Huchoma mchanganyiko wa hewa na petroli. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, huhitajika gramu 15 hivi za hewa. Petroli ikizidi, twasema mchanganyiko ni mzito: moshi mweusi hutoka, mafuta huisha upesi, na plagi hufunikwa na masizi. Hewa ikizidi, twasema mchanganyiko ni mwepesi: injini hukohoa, hukosa nguvu, na ncha ya plagi huwa nyeupe. Mchanganyiko ukiwa sawa, ncha ya plagi huwa na rangi ya kahawia. Mwalimu akumbuke jambo hili la rangi, maana ndilo litakalowapa wanafunzi ushahidi wa kuutazama.

Kabureta ndiyo chombo kinachopima mchanganyiko huo. Sehemu zake kuu ni hizi:

(a) Chumba cha boya. Humu petroli hukaa kwa kimo kimoja. Boya likipanda, husukuma sindano inayoziba tundu la kuingizia petroli. Likishuka, sindano hufungua. Ni kanuni ile ile ya boya katika tangi la maji.

(b) Koo. Hii ni njia ya hewa iliyobanwa katikati. Hewa ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, na kani yake ya kusukuma hupungua. Kanuni hii ilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu alichokitoa mwaka 1738, na baadaye ikachunguzwa katika mabomba yaliyobanwa na Mwitaliano Giovanni Battista Venturi (1746–1822).

(c) Jeti. Hiki ni kitundu kidogo kilichotobolewa kwa kipimo maalumu, ambacho petroli hupitia kabla ya kunyonywa na kunyunyizwa ndani ya koo.

(d) Kipepeo. Hiki ni kibamba cha duara kinachozunguka juu ya kijiti chake. Dereva akanyagapo mafuta, kipepeo hufunguka na mchanganyiko mwingi zaidi huingia katika injini.

(e) Choki. Hupunguza hewa wakati wa kuwasha injini iliyo baridi.

Kabureta ya kunyunyiza petroli ilitokea mwaka 1893, pale Wilhelm Maybach wa Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria, walipofikia wazo hilo kila upande kwa njia yake. Tangu hapo umbo limebadilika mara nyingi, lakini kanuni ni ile ile.

Mfano wetu: Land Rover ya zamani

Ili somo lisielee hewani, yafaa kuchagua gari moja. Sisi tumechagua Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Magari ya jamii hii yalitumika sana Afrika Mashariki katika hospitali, misheni, hifadhi za wanyama na ofisi za wilaya, na mpaka leo yapo yanayotembea. Injini yake ya petroli ya silinda nne ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na kabureta iliyofungwa kiwandani kwa injini hiyo ilikuwa Zenith 36 IV. Namba 36 hutaja kipenyo cha njia ya kipepeo kwa milimita.

Kabureta hii ina kasoro moja inayofahamika sana kwa mafundi. Sehemu zake mbili kubwa hukutana kwa nyuso bapa, na katikati huwekwa gasketi pamoja na pete ya mpira ambayo mafundi huiita oringi. Kwa sababu ya joto, na kwa sababu ya mikono inayokaza skrubu kupita kiasi, uso wa bapa hupinda kidogo na oringi hukauka. Petroli hupata upenyo mahali isipotakiwa, mchanganyiko huwa mzito, na gari hunywa mafuta kupita kawaida.

Wenye magari hayo hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huitengeneza kabureta hiyo: hutandika msasa laini juu ya kioo kinene, husugua uso uliopinda kwa mzunguko wa polepole mpaka ung'ae wote sawasawa, huweka oringi na gasketi mpya, kisha hukaza skrubu kidogo kidogo kwa kuvukanisha. Kundi la pili huiondoa na kufunga nyingine mpya, mara nyingi Weber 34 ICH, ambayo njia yake ni nyembamba zaidi. Kila kundi lina sababu zake, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Maswali manne ya kuamua

Swali la kwanza: Je, kabureta ndiyo yenye kasoro?

Swali hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Injini ikikohoa, yawezekana plagi zimechoka, au nafasi ya pointi za umeme si ile ya milimita 0.35 hadi 0.40 itakiwayo kwa injini hii, au kichujio cha petroli kimeziba, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi, au hewa inavuja baina ya kabureta na injini. Pengine hakuna kilichoharibika. Mahali penye mwinuko wa meta 1,700 hivi, kama Mbeya, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Kabureta iliyorekebishwa Tanga, ikipandishwa huko, hutoa mchanganyiko mzito kwa sababu hewa iingiayo ina uzito mdogo. Gari hilo halihitaji kabureta nyingine wala matengenezo. Lahitaji kurekebishwa tu, na huenda jeti ndogo zaidi.

Swali la pili: Kilichoharibika ni kiungo kidogo au ni mwili wenyewe?

Sindano, boya, gasketi, oringi na jeti ni viungo vidogo vinavyoondoka na kuwekwa vingine. Lakini mwili ukipasuka, au njia za skrubu zikila, au tundu la kijiti cha kipepeo likipanuka hata kijiti kikacheza na kuingiza hewa, matengenezo huwa magumu. Tundu lililopanuka laweza kuchongwa na kuwekewa bushi, ila kazi hiyo huhitaji karakana yenye mashine na mkono uliozoea.

Swali la tatu: Je, spea na fundi vinapatikana?

Tengenezo zuri katika kitabu halina maana ikiwa oringi haipatikani au fundi hajapata kuifungua kabureta ya namna hiyo. Vivyo hivyo, kabureta mpya haina maana ikiwa haitakaa vizuri juu ya injini. Tena, kipya si lazima kiwe kizima. Vipo vya kuiga ambavyo tangu dukani vina kasoro, kwa hiyo hata kipya hupimwa.

Swali la nne: Gharama ni kiasi gani kwa muda wote wa matumizi, na ni kitu gani kitakachopotea?

Bei ya dukani si gharama yote. Hesabu tutakayoionyesha mbele itafafanua jambo hili. Zaidi ya fedha, kuna thamani nyingine. Mtu anayehifadhi gari la zamani kwa ajili ya kumbukumbu atataka libaki na kabureta yake ya asili. Mtu anayelitumia kupeleka wagonjwa zahanati atataka liwake kila asubuhi, na jina la kabureta halimhusu. Wote wawili wana haki, na uamuzi wao waweza kutofautiana ingawa kasoro ni moja.

Kisa cha chuoni

Napenda kueleza kwa nini nimeliweka swali la kwanza mahali pa kwanza. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, chuo nilichofundisha kilikuwa na Land Rover moja iliyochukua wanachuo kuwapeleka katika shule za mazoezi. Gari lilianza kuzimika kila liliposimama. Kamati iliitishwa, nami nilikuwa katibu wake. Mjumbe mmoja alisema kwa uhakika kwamba kabureta imekwisha. Hakuna aliyeuliza amejuaje. Tuliandika kumbukumbu, tukachukua fedha zilizotengwa kwa vitabu vya maktaba, tukanunua kabureta mpya.

Gari liliendelea kuzimika. Ndipo alipoitwa fundi mmoja mzee wa mjini. Hakufungua kitu. Aliomba injini iwashwe, akachukua maji kidogo katika kikombe, akayadondosha polepole pale gasketi ya njia ya hewa inapokutana na injini. Mlio wa injini ukabadilika. "Walimu," akasema, "hewa inaingilia hapa." Gasketi ilikuwa imepasuka. Kisha aliomba aletewe kabureta ya zamani tuliyokuwa tumeitupa stoo. Akaifungua, akaitazama, akasema ni nzima, ina vumbi tu.

Vitabu havikununuliwa mwaka ule. Wanachuo waliomaliza mwaka ule waliondoka bila kuvisoma, na katika kumbukumbu za kamati sahihi iliyopo ni yangu.

Sikupata kukisema kisa hiki darasani mpaka siku moja nilipokwenda kumtazama mwanachuo akifundisha. Alikuwa amechora kabureta vizuri ubaoni na amewauliza wanafunzi: itengenezwe au ibadilishwe? Binti mmoja wa mstari wa nyuma aliinua mkono: "Samahani Mwalimu, tumejuaje kwamba kabureta ndiyo mbovu?" Mwanachuo alitazama andalio lake, akamjibu: "Hilo halimo katika somo la leo. Keti." Binti akaketi, wala hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Mwanachuo yule hakuwa mwalimu mbaya. Alikuwa amejiandaa, na wakati ulikuwa unakwisha. Lakini swali alilolizima ndilo swali ambalo kamati nzima ya walimu ilishindwa kuliuliza. Tangu siku hiyo huwaambia wanachuo: mtoto akiuliza "tumejuaje?", simamisha somo, maana somo limefika.

Mpango wa somo

Madhumuni. Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (i) kueleza kazi ya kabureta kwa maneno yake, (ii) kutaja dalili zinazoonyesha kasoro, (iii) kuamua kama kifaa kitengenezwe, kibadilishwe au kiachwe, (iv) kuutetea uamuzi wake kwa dalili na kwa hesabu.

Muda. Vipindi viwili vinavyofuatana, jumla dakika 80.

Zana. Kabureta moja kuukuu iliyokaushwa kabisa na kuoshwa kwa maji ya sabuni. Bilauri ya maji. Mirija miwili, au mabomba mawili ya kalamu zilizokwisha wino. Rula ya chuma. Plagi tatu zilizotumika, zenye rangi mbalimbali. Kadi tatu za dalili. Kabureta mbovu hupatikana kwa mafundi wa pikipiki bila taabu. Asipoipata, mwalimu achore mchoro mkubwa juu ya karatasi ya manila na kuazima boya la tangi la maji.

Hatua ya kwanza (dakika 10): Jaribio la mirija. Simamisha mrija mmoja katika bilauri ya maji, ncha yake ya juu iwe juu kidogo ya maji. Puliza kwa nguvu kwa mrija wa pili ukiulaza, ili hewa ipite juu ya ncha ya ule uliosimama. Maji yatapanda na kunyunyizika. Usieleze neno kwanza. Waulize: "Mmeona nini? Nani aliyeyavuta maji?" Wengi watasema pumzi imeyavuta. Waongoze waone kwamba hewa ya chumbani ndiyo iliyoyasukuma maji kutoka chini, kwa sababu kani juu ya mrija imepungua.

Hatua ya pili (dakika 15): Kuchunguza kabureta. Wanafunzi waizunguke meza kwa zamu. Watafute boya, jeti, koo na kipepeo, na waulinganishe kila mmoja na jaribio la mirija: maji ni badala ya nini? Mrija uliosimama ni badala ya nini? Kisha mwanafunzi mmoja aweke ukingo wa rula juu ya uso wa bapa na autazame kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula, uso umepinda. Hapa mtoto amepima, hajaambiwa.

Hatua ya tatu (dakika 15): Kusoma dalili. Onyesha plagi tatu na waache waseme ipi ilitoka katika mchanganyiko mzito, ipi katika mwepesi, na ipi katika ulio sawa.

Hatua ya nne (dakika 25): Kuamua katika vikundi. Kila kikundi kipewe kadi moja.

Kadi A: Petroli hufurika kutoka chumba cha boya. Boya linaelea vizuri. Ncha ya sindano ina mkwaruzo. Mwili ni mzima. Sindano mpya zipo dukani.

Kadi B: Kijiti cha kipepeo kinacheza katika tundu lake. Mwili una ufa penye skrubu. Karakana yenye mashine iko mbali sana.

Kadi C: Injini huzimika gari likisimama. Ncha za plagi ni nyeupe. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa mwezi uliopita, na viungo vyote ni vizima. Gasketi kati ya njia ya hewa na injini haijapata kuangaliwa.

Kadi A huelekea kutengeneza, na Kadi B kubadilisha. Kadi C haihitaji lolote kati ya hayo mawili mpaka gasketi iangaliwe. Mwalimu asiwadokezee wanafunzi kwamba kadi moja iko nje ya swali. Waache waligundue jambo hilo wenyewe.

Hatua ya tano (dakika 15): Kutetea uamuzi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

Mwalimu: Kikundi cha tatu, mmeamua nini?
Mwanafunzi: Tumeamua inunuliwe mpya, Mwalimu.
Mwalimu: Mmeona dalili gani?
Mwanafunzi: Injini inazimika.
Mwalimu: Ni vitu gani vinavyoweza kuizimisha?
Mwanafunzi: Kabureta. Au petroli kidogo. Au hewa nyingi.
Mwalimu: Katika kadi yenu, hewa yaweza kuingilia wapi?
Mwanafunzi: (baada ya kunong'onezana na wenzake) Kwenye gasketi. Tunabadili uamuzi, Mwalimu. Kwanza gasketi iangaliwe.

Mwanachuo atazame vema: mwalimu hakusema "umekosea" hata mara moja. Kila mara aliuliza dalili. Tena mwanafunzi alibadili uamuzi mbele ya darasa bila kuona haya. Kubadili uamuzi kwa sababu ya ushahidi si kushindwa, na mwalimu amsifu mtoto afanyaye hivyo.

Hesabu ya gharama

Kipindi cha hesabu kinachofuata kinaweza kuendeleza somo. Tarakimu zifuatazo ni za kubuni. Mwalimu azibadilishe kwa bei za mahali pake.

Tuseme matengenezo yanagharimu shilingi 100,000 na yatadumu miaka 2. Kabureta mpya inagharimu shilingi 400,000 na itadumu miaka 8. Matengenezo ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Kabureta mpya nayo ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Gharama zimelingana! Wanafunzi wataduwaa, maana walitazamia hesabu itoe jibu. Hapo uliza: "Kama fedha ni sawa, tuamue kwa nini?" Mmoja atasema nani ana shilingi 400,000 leo. Mwingine atasema gari litasimama mara ngapi kwa fundi katika miaka 8. Wa tatu huenda akauliza kama gari lenyewe litaishi miaka 8. Zote ni hoja za haki.

Kisha ongeza jambo la tatu: kutoamua. Tuseme gari hutembea kilometa 60 kwa wiki. Likiwa na kasoro hutembea kilometa 5 kwa lita, yaani hutumia lita 12. Likiwa zima hutembea kilometa 6 kwa lita, yaani lita 10. Kila wiki lita 2 hupotea. Kwa wiki 50 ni lita 100. Lita ikiwa shilingi 3,000, hasara ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Kuahirisha kwa mwaka mmoja kumegharimu mara tatu ya matengenezo. Mtoto akiliona hili kwa kalamu yake, amejifunza kwamba kutofanya lolote nako ni uamuzi, na kuna bei yake.

Makosa ya kuepukwa

1. Petroli isiingie darasani kamwe, hata kidogo, hata katika kifuniko cha chupa. Mvuke wake hushika moto upesi. Majaribio yote yafanywe kwa maji, na kabureta inuswe na mwalimu mwenyewe kabla ya somo.

2. Mtoto asizibe kinywa juu ya kiungo cho chote cha kabureta ili kupuliza au kunyonya, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi.

3. Mwalimu asijifanye fundi. Akiulizwa asilolijua, aseme: "Tutamwuliza fundi." Ni vema zaidi akimwalika fundi wa mtaani kwa dakika 20 na kuwaacha wanafunzi wamwulize wenyewe, kwa adabu, maswali waliyoyaandika siku moja kabla. Fundi naye ni mwalimu, ingawa hana chaki.

4. Mwalimu asitoe alama nyingi kwa uamuzi wenyewe. Kwa alama 10, tunapendekeza: uamuzi 2, dalili zilizotajwa 4, ubaya wa uamuzi huo kukubaliwa na kuelezwa 4. Mwanafunzi anayesema "nimechagua kutengeneza, ingawa huenda fundi akarudi tena baada ya miaka miwili" ameelewa zaidi kuliko yule anayesifu uamuzi wake tu.

5. Asizime swali lisilomo katika andalio. Andalio ni la mwalimu. Somo ni la mtoto.

Hitimisho

Kabureta za magari ya zamani zinazidi kupungua, na huenda wengi wa watoto tunaowafundisha hawatapata kuifungua hata moja. Hata hivyo, kila mmoja wao siku moja atasimama mbele ya kitu kilichoharibika, fedha zikiwa chache na watu wakimshauri kila upande. Akiwa amezoea kuuliza kwanza "tumejuaje?", kisha "kilichoharibika ni nini hasa?", kisha "nani na nini vipo?", na mwisho "itagharimu nini?", mwalimu wake atakuwa amefanya kazi yake.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chagua kifaa kingine kilichopo karibu na shule yako ya mazoezi, kama vile baiskeli, cherehani au pampu ya maji. Andika kadi tatu za dalili: moja ielekee kutengeneza, moja kubadilisha, na moja isihitaji lo lote kati ya hayo.

2. Eleza kwa nini katika hatua ya kwanza mwalimu anashauriwa kutoeleza neno kabla ya wanafunzi kusema walichokiona.

3. Wanafunzi wawili wamepewa kadi moja na wametoa uamuzi tofauti, kila mmoja kwa hoja nzuri. Utawasahihishaje?

4. Kumbuka somo moja ambalo ulilizima swali la mtoto, au swali lako lilizimwa. Andika upya dakika tano za somo hilo jinsi ambavyo zingefaa kuwa.